Suruali za Likizo

Mwanajeshi anayekwenda likizo ni mteja msumbufu kuliko bibi harusi. Anasimama mbele ya kioo, anajigeuza, anavuta kiuno, anasema hapa panabana, pale panapwaya, pindo literemke kidogo, hapana, lipande kidogo. Unamwambia aende zake, kesho yuko hapo tena. Anajua kwao hawajamwona muda mrefu, na wakwe wataitazama suruali kabla ya kumtazama yeye. Hapa kwetu ndivyo ilivyo: magwanda ni ya kazi, lakini nyumbani mtu anaingia na suruali ya raia iliyonyooka, asije akaonekana amechoka na maisha. Mimi nashona Kadutu, hapa Bukavu, ukingo wa juu wa soko, na suruali za namna hiyo nimezikata miaka mingi.

Kwa hiyo walipoanza kuja kwa wingi, msimu ule wa mvua vita vilipokuwa vinateremka kutoka upande wa Kalehe, nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi. Nilijiambia kama jeshi linatoa likizo, basi huko mbele kumetulia, na kama kumetulia, mdogo wangu yu hai.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Alikataa shule, akakataa cherehani, nikamwambia basi uoe, akakataa na hilo, akaenda jeshini. Wakati huo alikuwa juu ya mlima mmoja kaskazini, pamoja na kikosi chake, wakilinda barabara inayoshuka Bukavu. Mama yangu anakaa Kasha, pale mji unapoishia na mashamba yanaanza, na kila nilipokwenda kwake Jumapili hakuniuliza habari za soko wala za watoto wangu. Aliuliza kama yule amepiga simu. Sisi wawili hatukutaka ushindi wala heshima ya taifa. Tulitaka arudi, akiwa na mikono yote na miguu yote.

Kwenye kibaraza chetu cha ushonaji yuko papa mmoja, yaani mzee wa makamo, cherehani yake iko jirani na yangu. Yeye alifuata vita kama wengine wanavyofuata mpira. Redio ilikuwa sikioni, mguu kwenye pedali, na mdomo haukupumzika. Alihesabu ndege za serikali, alihesabu magari ya chuma, alihesabu askari wageni waliokuja kusaidia, akajumlisha, akamaliza kwa kusema hawataingia Bukavu, haiwezekani. Siku nyingine papa huyo hunichosha hadi natamani uzi ukatike mdomoni mwake. Siku zile nilimpenda sana. Hesabu zake zote zilikuwa upande wa mdogo wangu.

Basi siku moja mchana, katikati ya mteja na mteja, nikampigia mdogo wangu simu. Kwa bahati ikapita.

"Weye, konje yako iko wapi?" nikamtania juu ya likizo yake. "Benzako hapa banashonesha mapantalo kila siku. Mikono inaniuma."

"Benzangu gani, yaya?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Basoda! Bengi. Leo asubui balijaza benchi."

"Balitoka huku mbele?"

"Nitajua aje? Banakuya na masandale ku miguu, mabote iko mu sashe."

"Mu sashe," akarudia polepole, kana kwamba anauona huo mfuko wa plastiki. Kisha akasema, "Sawa, yaya. Unisalimie mama."

Nilidhani amenuna kwa wivu. Niliweka simu chini huku nacheka, nikamwambia papa jirani kwamba mtoto wetu amekasirika kwa kunyimwa likizo.

Kesho yake alikuja mwanajeshi mmoja, mtu mzima, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa amenunua sokoni suruali ya mitumba ambayo wangeingia watu wawili kama yeye. Akaniwekea mezani.

"Mama, unikatie hii. Iko murefu."

"Urefu si shida, papa. Kiuno ndiyo shida. Simama hapa nikupime."

"Hapana kupima. Kata tu."

"Itakuvuka mbele ya bakwe!" nikamwambia, maana utani huo huwa hauna anayeukataa.

Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. "Kata na mukasi tu, mama. Usishone hata."

Nikakata. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka amejifunga kiunoni kwa kamba ya katani, mapindo yananing'inia nyuzi, akaniachia noti bila kuuliza bei, akaondoka. Hakushika njia ya magari. Aliteremka kwenye vijia vya katikati ya nyumba, vile ambavyo sisi wenyewe tunavipita kwa kushika ukuta mvua ikinyesha. Nilipovuta pazia nikaona magwanda yake sakafuni. Aliyakunja vizuri, kama walivyomfundisha. Nilipoyaokota bado yalikuwa na joto la mwili wake.

Nilisimama pale nimeyashika, nikaanza kuwakumbuka. Wale wote wa juzi na juzi ile. Hakuna hata mmoja aliyejigeuza mbele ya kioo. Hakuna aliyerudi kulalamika. Mimi, fundi, mwanamke ninayejiona nawajua watu kwa mapaja yao, niliwakatia suruali wanaume waliokuwa wanakimbia, nikawatakia safari njema kwa wakwe! Likizo haikuwapo. Haikutolewa hata kwa mmoja.

Papa jirani aliona nilichoshika. Cherehani yake ikasimama, na redio akaizima mwenyewe.

"Choma," akasema.

Niliyachoma kwenye mbabula, jiko la makaa la mama muuza mahindi, kipande kwa kipande, na moshi wake ulinuka vibaya. Kisha nikampigia mdogo wangu. Simu haikupita. Nikapiga tena njiani, nikapiga nikiwa nyumbani kwangu Nyalukemba nakusanya nguo za watoto, nikapiga kwenye pikipiki nikipanda kwenda Kasha kwa mama. Watu wengi waliokimbia siku zile walikuwa wanakwenda mbali na vita. Mimi nilikuwa naviendea, kwa sababu nilijua kama yule mtoto atarudi, atashukia Kasha.

Mji ulianguka nikiwa pale kwa mama. Naandika "ulianguka" kwa sababu ndivyo wanavyosema redioni, lakini sikuona kitu kikianguka. Nilikuwa nimejaza madumu maji, nimewalaza watoto chini ya kitanda, nimeweka godoro dirishani. Tulisikia risasi upande wa chini, za watu waliovunja maduka, na baada ya hapo kimya. Kisha waasi wenyewe wakapita. Walitembea kwa miguu katika mstari, mmoja nyuma ya mwingine, mabegi mgongoni, bila kukimbia. Maharage ya mama yalikuwa motoni na hayajaiva. Majirani wakafungua milango, kwanza kidogo, kisha wakatoka nje kabisa, na wengine wakapunga mikono. Mama mmoja aliyekuwa amelia nami asubuhi ile nilimwona anapunga kitambaa chake cha kichwa! Nilishtuka hadi nikakaa chini kwenye matope. Nilikasirika, sijui hata kwa nani. Miaka yote tunaambiwa vita, vita, tunazika watu, tunachangia wakimbizi, na siku vita vyenyewe vinapofika mlangoni, mji mkubwa kama huu unapita kwenye mikono mingine kabla maharage hayajaiva.

Mdogo wangu alikuja siku chache baadaye, asubuhi, kwa kijia cha mashambani. Alivaa sweta ya kike ya rangi ya waridi na kaptula ya shule. Mama alikuwa anafagia. Aliutupa ufagio, akamshika kichwa, akamshika mabega, akateremka na mikono hadi vidoleni, akahesabu kimoyomoyo, kisha akakaa chini na kuanza kulia kwa sauti, akimwita Nyamuzinda, Mungu wa mababu zetu na wa kanisa lake pia. Mimi nililia nikicheka. Sijawahi kuwa na furaha kubwa kama ile, na sioni haya kuisema, ingawa mji ulikuwa umefungwa na watu wengine walikuwa wanatafuta maiti.

Alikula ugali wote uliokuwapo. Nilimwacha amalize, nikamuuliza.

"Balibapiga sana?"

"Hapana, yaya. Hatukupigwa."

"Risasi ziliisha?"

"Zilikuwa. Hata chakula kidogo kilikuwa." Akafuta mikono kwenye kaptula. "Ile siku ulinipigia, niliambia benzangu. Nikasema, yaya ananiambia huko Bukavu basoda banavua nguo za kazi, banaweka mabote mu sashe. Bakasema, kama ba chini banaenda, nani atatuletea kitu huku juu? Nani anachunga njia nyuma yetu?"

Nikamwongezea maji kwenye kikombe.

Akaendelea. Kwenye mlima wa jirani kulikuwa na kikosi kingine, na huko alikuwapo rafiki yake wa tangu mafunzoni. Kijana huyo namjua. Amekula kwangu mara nyingi, ananiita yaya kama ndugu yangu wa damu, na suruali yake ya likizo nilimshonea mimi, likizo ya kweli, alinisumbua juma zima kwa sababu ya mifuko. Mdogo wangu akampigia simu mlima hadi mlima. Akamuuliza, nyie munabakia? Yule akajibu, tutaangalia nyie. Mdogo wangu akasema, na siye tunaangalia nyie. Wakacheka, wakakata simu. Saa chache hivi zikapita. Juu ya mlima wao mtu mmoja akasema ameambiwa mlima wa jirani wanafunga mizigo. Hakuna aliyejua nani alimwambia. Kamanda akapigiwa, simu yake haikupita. Basi wakaanza kushuka, kwanza wawili kwenda kuteka maji, kisha wengine kuwatafuta wale wawili, kisha wote.

"Tukakutana nabo ku daraja," akasema. "Bote. Ba mulima wa jirani bote, na masilaha yabo. Banatuuliza: mbona mulitoka? Siye tunabauliza: mbona mulitoka? Banasema, balituambia ni nyie mulitoka kwanza."

"Na adui alikuwa wapi?"

"Hatukumuona."

"Hamukumuona aje?"

"Yaya, hatukumuona. Hata mumoja."

Mama aliendelea kukusanya sahani. Nadhani hakuelewa, au hakutaka. Mimi nilielewa vizuri mno. Milima miwili, imejaa wanaume wenye risasi, imeachwa kwa sababu kila mmoja aliogopa kubaki peke yake. Zile ndege alizohesabu papa jirani zilikuwapo. Magari ya chuma yalikuwapo. Alichokosa kila mtu ni uhakika kwamba aliye pembeni yake hataondoka. Nani anataka kufa kwa ajili ya upande ambao mwenzake ameshauacha? Na hata yule mama wa kitambaa, naye alikuwa anaangalia wengine wanafanya nini, ndipo afanye. Mji mzima tulikuwa tumekaa tunangoja kumjua mshindi ili tuwe naye, na kungoja kwetu ndiko kulikompa mji.

Sidai kwamba mimi ndiye niliyeiangusha Bukavu. Fundi wa Kadutu hana cheo hicho. Najua wake walipiga simu, mama zao walipiga, kila mlima ulikuwa na mtu wake chini aliyeona kitu na kukisema. Lakini kwenye mlima ule, simu iliyofika ilikuwa yangu, na niliipiga nikicheka.

Rafiki yake hakurudi kwao. Pale darajani waligawanyika. Yeye alifuata wale waliokuwa wanarudi nyuma kuelekea kusini, upande wa bonde la Ruzizi na Uvira, bado na magwanda yake. Mdogo wangu aliyavua yake kwenye shamba la mihogo, akaiba sweta kwenye kamba ya nguo za watu. Walipeana mikono tu.

Muda si mrefu wakubwa wapya wakatangaza kwamba kila mwanajeshi aliyebaki mjini ajitokeze. Mama alitaka kumficha kwenye dari. Nikamwambia mama, Kasha yote ilimwona akishuka na sweta ya waridi, utamficha nani? Mdogo wangu mwenyewe akasema anakwenda. Alisema asipokwenda kwa miguu yake, watakuja kumchukua, na siku hiyo hawatamchukua peke yake. Nilimshonea shati zuri la kwenda nalo. Wakawapakia kwenye magari wakawapeleka mafunzoni, watu wazima waliokwishafunzwa tangu zamani, na hatukuambiwa ni wapi.

Soko lilifunguliwa. Watoto walirudi shule. Papa jirani aliiwasha redio yake, akakaa wiki moja kimya, kisha akaanza kuhesabu tena, silaha, vikosi, marafiki wa nje, kwa sauti ile ile na mguu ule ule kwenye pedali, ila sasa hesabu zote ziliangukia upande mwingine. Nilimtazama nikashindwa hata kumtukana. Ni mtu mwema, ana watoto wa kulisha.

Mdogo wangu alipita mara moja kutusalimia, amevaa magwanda mapya ya wale aliokuwa anawapiga. Mama alimkumbatia kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayeogopa kuchafua nguo. Hakukaa. Alisema wanapelekwa kusini.

Kisha akapiga simu. Ilikuwa Jumapili mchana, nipo kwa mama, tumetoka misa, mama anachambua maharage kwenye ungo. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa ya chini sana.

"Yaya, mbele yetu njo beko."

"Banani?"

Akanitajia rafiki yake. Alikuwa juu ya kilima mbele yao, na kikosi chake. Mdogo wangu alijuaje? Alikuwa amemwona kwa darubini, yule akiwa amesimama anakojoa, na alimjua kwa namna anavyosimama.

"Kesho tunapanda," akasema. "Umupigie, yaya. Miye hawezi kunipokea. Weye anakusikia."

"Nimuambie nini?"

"Umuambie ba pembeni yake balishatoka."

"Ni kweli balitoka?"

"Sijue. Ukimuambia, itakuwa kweli."

Nikamuuliza, na nisipomwambia?

"Atabakia," akasema. "Na miye nitapanda."

Akakata simu. Nilikaa na simu mapajani. Nilitaka kumrudia nimtukane, nimuulize ni nani aliyemfundisha kumtuma dada yake kazi ya namna hii, lakini nilijua kwamba hakufundishwa na mtu. Alikuwa amejifunza kwangu. Nilijaribu kuifikiria kwa haki. Kama yule kijana atashuka, huenda wote wawili watakuwa hai kesho jioni. Kama atashuka peke yake na wenzake wa pembeni wamebaki, watamfanya nini kwa kutoroka? Na wale wa pembeni, wao hawana dada? Kila nilipofika hapo, niliona kilima kimoja tu, na mtu mmoja tu anakipanda.

Nikapiga. Ilipita mara moja, kama vile simu yenyewe ilikuwa na haraka.

"Yaya!" Alifurahi kweli. Aliuliza mama hajambo, watoto wanasoma, na Kadutu kukoje, bado naumiza watu na sindano? Nikamuuliza kama amekula. Akasema wako tu. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu yake. Kisha akateremsha sauti, na kabla mimi sijaanza, akaniuliza yeye.

"Yaya, huko mujini munasikia mingi. Bale ba pembeni yetu, ba upande wa mutoni, banasema nini juu yabo? Beko, ao balishatoka?"

Mimi sijawahi kufika bonde lile. Kutoka kwa mama huwezi kuona kitu kupita mgomba wa jirani. Mama alikuwa ameacha kuchambua, mkono uko ndani ya maharage, ananitazama mdomo.

"Balishatoka," nikamwambia. "Bote."